Kizimba Juu ya Mbabula

Watu wakiniuliza kwa nini sifugi ndege tena, huwajibu kwa mkato, nao huniita mkali. Mkali ndiyo. Nina sababu.

Nilikuwa na perushi wawili, wale kasuku wadogo wa kijani wanaoenea kiganjani. Dereva mmoja aliniletea kutoka Bunagana. Nyumbani kwangu Murara waliishi vizuri kuliko mimi. Maji yao niliyabadilisha kila asubuhi. Niliwapa uwele, majani ya lengalenga yaliyooshwa, na maganda ya mayai niliyoyachemsha na kuyatwanga. Kizimba nilikiweka sebuleni, mbali na upepo na mbali kabisa na moto, maana mapafu ya ndege hao hayavumilii moshi.

Kisha vita vikapamba moto Masisi. Mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yangu, alifika mlangoni kwangu na kitenge kimoja, sufuria moja na miguu iliyovimba. Shamba lake na ng'ombe wake vilichukuliwa na watu wenye bunduki, na hadi leo hakuna aliyewauliza kitu. Hilo linanikera kuliko mambo yote. Nilimwonyesha kitanda, nikamwonyesha jiko la nje, kisha ndege. Nikamwambia nawapenda mno, awatunze nikiwa kazini. Kuhusu moshi sikumwambia neno. Nilidhani kila mtu anajua.

Siku ya tatu mvua ilinyesha pamoja na baridi kali. Nilirudi mchana nikakuta moshi umejaa sebuleni. Mbabula, lile jiko la makaa, ilikuwa katikati ya chumba, maharage yanachemka, na juu yake kizimba kimetundikwa kwa kamba kwenye boriti. Jike alikuwa amelala miguu juu, amekufa. Dume alihema mdomo wazi.

Nilimfokea mama mdogo kama mtu anayefukuza mbuzi shambani.

"Umekuja kuniulia vitu vyangu? Kule kwenu maiti hazikukutosha?"

Alitoa mbabula nje, akafagia majivu. Kesho yake niliporudi kutoka kazini hakuwepo. Jirani aliniambia amemwona akielekea kambi ya wakimbizi ya Munigi, sufuria kichwani.

Wiki nzima nilimuuguza yule dume huku nikisema moyoni, mama mdogo na aende zake. Naona haya kuandika hivyo. Ndege alipopona ndipo nikaenda kumtafuta mtu.

Nilimkuta kwenye kibanda cha plastiki juu ya mawe makali ya volkano. Alinipa sehemu ya kukaa, yeye akabaki amesimama. Bado nilikuwa na ukali mdomoni. Nikamuuliza kwa nini alitundika kizimba pale.

"Kwetu mbegu ya mahindi tunatundikaka juu ya moto," alisema. "Kitu mutu anapenda sana, ndiyo tunaweka pale, baridi isiipate, wadudu wasiikule. Niliona unapenda zile ndege."

Nilijichukia vibaya sana. Nikamwomba msamaha, nikachukua sufuria yake niibebe, nikamwambia turudi nyumbani.

Aliichukua mikononi mwangu taratibu.

"Hapana, mutoto yangu. Nimekusamehe. Lakini siku ingine kitu kitaharibika tena, na ile maneno iko tayari mu kinywa yako. Mimi nitabaki huku."