Nyuzi za Bibi Mkeka

Kwa miaka ishirini na sita darasa la watoto wadogo kanisani lilikuwa la Bibi Mkeka, na wa kuligusa hakuwepo. Jina alilipata kwa kukataa viti: mtoto wa miaka minne, alisema, husikia akiwa chini, mkekani. Kusoma alisoma kwa kuburuta, herufi moja moja, kwa hiyo Biblia yake aliitia nyuzi za alama kwenye kurasa. Mwekundu, Daudi. Wa bluu, safina. Akishika uzi tu, hadithi yote inamjia.

Kisha mke wa mwanawe akarudi kutoka chuo cha Biblia, kile kilichoanza kupokea wanawake, wasioona na wenye magongo kama yeye. Na cheti juu! Mchungaji akasema Jumapili ijayo angekuja kusikiliza, achague mwalimu mkuu. Bibi akaitikia kwa mdomo, moyo unawaka. Watoto walimkimbilia yule, wakigombea kumshikia gongo. Yeye aliyewafuta kamasi tangu wananyonya, wanampita kama nguzo.

Jumapili ikafika, mchungaji akasimama mlangoni. Bibi akafungua Biblia. Nyuzi hakuna hata mmoja.

"Nimezitoa jana nikisafisha kabati, mama," mkwe akamnong'oneza, anatabasamu. "Zilikuwa zinachafua kitabu."

Herufi zikamcheza Bibi machoni. Kuumbuka aumbuke, lakini mbele ya huyu?

"Bibi, leo uzi gani?" akauliza kitoto kimoja.

"Wa bluu!"

"Aa, mwekundu!"

"Uzi?" mkwe akauliza. "Hiyo ni hadithi gani?"

Kitoto kikamkodolea macho. "Hujui? Na wewe mwalimu!"

Lo, raha aliyoisikia Bibi, Mungu amsamehe! Akafunga kitabu, akaijenga safina kuanzia ubao wa kwanza, watoto wakilia kama mbuzi, kama simba, kama bata. Mchungaji akacheka, akaenda zake. Hakuuliza tena habari ya mwalimu mkuu.

Baadaye mkwe akaja na nyuzi kiganjani, kazitoa kwenye pipa la taka.

"Nisamehe, mama. Nionyeshe kila mmoja unakaa wapi."

"Jumapili ijayo. Uje na cheti chako, ukae mkekani na wenzako."

Mkwe akayatazama magongo yake. Bibi naye akayatazama.

"Kushuka nitakushika," akasema. "Kuinuka pia. Ila hadithi ikiisha, siyo kabla."