Nilinunua ploti Lodwar, kumbe mti uliokuwa ndani una mwenyewe

Habari zenu wakuu. Leo acha nifunguke. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na mke wangu ameketi hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha primary huko Kakuma, familia inakaa Lodwar kwa nyumba ya kupanga. Vyumba viwili, mabati, choo nje. Tulikuwa tumeridhika kabisa.

Halafu mafuta yakapatikana upande wa Lokichar.

Wakuu, Lodwar ilibadilika! Nyumba ambayo juzi hakuna mtu aliitaka, sasa wageni watatu wanaigombania mlangoni. Landlord wetu, mzee mpole tu, akaja na uso wa msiba. Kuna engineer anaitaka nyumba. Tukapewa mwezi mmoja.

Nikachukua loan ya sacco, nikanunua ploti karibu na mto Turkwel. Akiba yote ikaishia hapo. Nikapewa barua yenye namba ya ploti, nikailaminate siku hiyo hiyo kama cheti cha form four.

Katikati ya ploti kulikuwa na mgunga mkubwa. Nikamwambia fundi, huo toa kwanza, sebule inakaa hapo.

Fundi alipiga shoka mara mbili tu. Akatokea mama mzee wa Kiturkana, shanga hadi kidevuni, mbuzi nyuma. Jina lake Nakiru. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye shina, mgongo kwa mti, akanyoosha miguu.

Nikamsalimia, "Ejok, mama."

"Ejok."

Nikamwonyesha barua yangu. Akaitazama, akanirudishia.

"Wewe nanunua mchanga," akasema. "Mti nani naliuza?"

Nilikasirika, sitadanganya. Broka aliyeniuzia ploti akanishauri nimpe sukari na tumbaku ataondoka. Nikanunua. Mama akapokea, akashukuru vizuri sana, akaendelea kuketi.

Kesho yake nikamkuta hapo hapo. Kesho kutwa pia.

Ikabidi nimuulize mwalimu mwenzangu Mturkana. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba miti ya kando ya mto ina wenyewe, wanaita ekwar. Familia inarithi miti kutoka kwa baba na babu. Kiangazi nyasi zikiisha wanatikisa matawi kwa mti mrefu wenye ndoano, maganda yanaanguka, mbuzi wanaishi. Kukata bila kuuliza ni kama kuingia boma la mtu na kuchinja.

Aisee, niliona aibu. Nikarudi kwa Nakiru, mwalimu akinitafsiria, nikamuuliza kama naweza kujenga kando ya mti wake. Akagusa alama za shoka kwenye shina. Akasema nijenge, lakini mbuzi wake wasifungiwe.

Fundi alinung'unika wiki nzima. Nyumba ikakaa upande, mlango unaangalia choo cha jirani. Mpaka leo wageni wanauliza kama nilijenga nikiwa nimelewa. Lakini Lodwar saa saba mchana, kila mtu wa mtaa anajipata kwangu, chini ya kivuli. Nakiru akawa nyanya wa watoto wangu. Aliwafundisha kutikisa maganda, na kila akija lazima aonje chai yetu na kusema sukari haitoshi.

Sasa sikilizeni.

2013 kaunti zikaingia, ploti zikawa moto zaidi. Siku moja jamaa mmoja akaja na barua. Namba ni ile ile yangu, muhuri ni ule ule. Anataka tubomoe.

Mke wangu alilia. Mimi nilishindwa hata kula.

Tukaitwa kwa chifu na wazee. Barua mbili mezani, hakuna anayejua ya kweli ni ipi. Jamaa akasema aliikagua ploti mwenyewe kabla ya kununua, mwaka kabla yangu.

Nakiru, ambaye hakuna mtu alimwita, akasimama nyuma.

"Hapo katikati iko nini?"

Jamaa akajibu haraka, "Hakuna kitu. Ni uwanja msafi tu."

Wazee walicheka, wakuu! Mti wenyewe unaonekana ukiwa barabarani.

Nakiru akanielekeza mkono. "Huyu emoit alikuja na shoka. Ni mbaya kidogo. Lakini aliuliza." Kisha akamgeukia jamaa. "Wewe hata mti yangu hujaona."

Emoit ni mgeni, mtu wa nje. Ndiyo mara ya mwisho aliniita hivyo. Chifu aliandika kwamba ploti inajulikana ni yangu, na jamaa hakurudi tena.

Somo langu ni dogo: ukinunua ploti ugenini, usiulize broka peke yake. Uliza nani hulisha mbuzi hapo.

Siku hizi nimeongeza chumba cha kupangisha. Sharti ni moja tu: mbuzi wa Nakiru wakiingia, usiwafukuze.

Nani mwingine amejenga huko kaskazini? Shukeni na yenu hapa chini. Mke wangu anasema atajibu maswali yote ya choo cha jirani.