Tumbo la Shamba

Ule mwaka tuliokula magimbi asubuhi, mchana na jioni, hadi watoto wakawa wanalia wakiona sufuria, ndio shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuja kutaka tubadilishane mashamba. Mahindi yalikuwa yamekauka kote. Lake liko Masanze, la pembe nne, tambarare kama mkeka. Langu liko mtoni hapa Kilosa: upande mmoja umenyooka, wa pili umefuata mto, umevimba kama tumbo la mjamzito.

Alipima ncha mbili tu. Kila ncha hatua ishirini mpaka mtoni, urefu hatua sitini. "Shemeji, linalingana na langu kabisa. Tumalizane."

Nilikuwa nimechoka. Miguu imevimba, jembe linanishinda. Shule niliishia la tatu, lakini macho ninayo. "Na tumbo umelipeleka wapi?"

Akacheka. "Tumbo la shamba halina chakula, shemeji."

Mjukuu wangu wa kike, anayesoma kidato cha sita Mikumi, alikuwa likizo. Alichomeka vijiti upande ulionyooka, kila hatua kumi na tano, akapima kutoka kila kijiti hadi mtoni: ishirini, thelathini na mbili, thelathini na sita, thelathini na mbili, ishirini. Kule ukingoni akaweka alama kila kipimo kilipoishia, akavuta kamba kutoka alama hadi alama. Vikapatikana vipande vinne. Kila kipande alijumlisha pande zake mbili, akagawa kwa mbili, akazidisha kwa kumi na tano.

"Babu, shikamoo tena," akamwambia shemeji yangu. "Wewe, kwa ishirini mara sitini, ulipata elfu moja na mia mbili. Mimi nimepata elfu moja na mia nane."

Damu yangu hiyo. Nilisahau maumivu ya miguu kidogo.

Shemeji akajikuna shingo. "Basi nitakuongezea kipande kingine huko Masanze, zitimie hizo hizo elfu na mia nane."

Nikaitazama kamba. Ilipita njia ya mkato. Mto ulijikunja nje yake, na huko nje yalikuwepo majani mapana ya magimbi yangu.

"Na haya?"

"Hesabu yangu ni makadirio, bibi," mjukuu akasema. "Nikikata vipande vyembamba zaidi, kinachobaki nje kitapungua. Ila hakiishi."

"Ukingo tu huo," shemeji akasema.

"Leo asubuhi umekula nini kwangu?"

Akageuka kuyatazama majani. Nikamwambia, "Shamba langu sibadilishi."

"Utalilima na nani, shemeji? Umezeeka. Masanze hakuna mteremko."

Kweli tupu. Nikakaa chini, pale pale kwenye tope, kwa kuwa kusimama kulinishinda.

"Shamba langu sibadilishi."