Mstari Mmoja wa Nyayo

Kabla hata ya kuwaonyesha wageni wake choo kilipo, Murakoshi Sanae huwaambia jambo moja: mkanyage nilipokanyaga mimi. Watu sita wenye kamera sita na miguu kumi na miwili, lakini kwenye theluji ibaki alama ya mtu mmoja tu. Anayepita barabarani akiona mstari ule atadhani ni mkulima aliyekwenda kukagua uzio. Akiona theluji iliyovurugwa atasimamisha gari, atashuka na lenzi ndefu kama bomba la jiko, na kesho yake magari yatakuwa ishirini.

Kinachofichwa ni bundi. Analala mchana kutwa kwenye tundu la mwaloni mkongwe, katikati ya shamba la Mzee Ubukata, na rangi yake ni ya gome lenyewe, kiasi kwamba mgeni huelekezwa mara tatu kabla hajaguna kwa mshangao. Kwingine ndege huyu angerushiwa mawe na kusomewa dua. Hapa mashariki ya kisiwa cha Hokkaido watu wanavuka bahari kuja kumtazama akisinzia.

Miaka minane iliyopita Mzee Ubukata, mwenye ng'ombe sitini na maneno machache, alimpa Sanae ruhusa akiwa hata hajaacha kukamua.

"Wewe nakujua, ulikuwa mkamuaji kama sisi. Lete watu wako wiki ya pili ya Februari, basi. Siku nikiona wengine wanavuka shamba langu, mti naukata. Umeoza, na kuni nazihitaji."

Hakucheka aliposema hivyo, na Sanae hakuthubutu kucheka.

Ni kweli alikuwa mkamuaji. Alikamua miaka ishirini na miwili pamoja na mumewe, na mume alipofariki ng'ombe wakaenda kwa jirani. Kilichobaki ni kamera ya marehemu na mazoea ya kusimama kwenye baridi akingoja ndama azaliwe. Mazoea hayo ndiyo yaliyomfanya mwongozaji wa wapiga picha. Aprili huwapeleka watu kusini kwenye maua ya mcheri, Juni kwenye vitoto vya mbweha, Oktoba kwenye majani mekundu ya milimani. Lakini kila anayepiga simu huuliza kwanza habari za bundi. Bila mwaloni ule, asingekuwa na Februari, na Februari ndiyo inayombebea mwaka.

Jumanne ile, siku nne kabla ya wageni kufika, alikwenda peke yake kukagua. Bundi alikuwepo. Na mbele ya bundi, kutoka upande wa nyumba za shamba mpaka chini ya mti, palikuwa na nyayo.

Mstari mmoja.

Sanae alichuchumaa. Kila unyayo ulikuwa umekanyagwa na kukanyagwa tena mpaka kingo zimekuwa ngumu kama kauri. Mtu mmoja hawezi kuchimba theluji namna hiyo. Hapa wamepita wanane, labda kumi, kila mmoja akitia mguu alipotia mwenzake. Kwenye mteremko mdogo karibu na uzio, ambako barafu huteleza, palikuwa pamemwagwa majivu. Majivu ya jiko! Hiyo ni kazi ya mwongozaji anayechunga viuno vya wageni wake. Na duniani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye Sanae alimfundisha mambo yote mawili.

Alimkuta kituo cha mafuta. Kitazume Ryohei, mwanamume wa miaka arobaini, alifanya kazi naye majira matano ya baridi kabla ya kuanzisha safari zake mwenyewe. Aliondoka kwa kuinama sana na boksi la vitamutamu, na tangu siku hiyo Sanae hakumwamini mtu aliyeondoka kwa adabu nyingi kiasi kile.

"Mwalimu!" Ryohei aliita. Ndani ya gari lake la buluu wageni saba walikuwa wanatafuna mikate. "Mapema hivi? Au bundi amekuota?"

"Ndoo yako ya majivu imebaki nusu au imekwisha?"

"Majivu?"

"Ya mteremkoni. Wageni wasije wakavunjika."

"Mteremko upi, mwalimu? Wiki hii mimi niko ziwani na batamaji. Kule ni tambarare kama sinia."

"Nimeona nyayo kwa Ubukata. Mstari mmoja, umekanyagwa mpaka umekuwa mfereji. Nilimfundisha nani mwingine?"

Wageni waliacha kutafuna. Ryohei alishusha sauti. "Ukiona nyayo za mtu mmoja, huwezi kudhani ni mtu mmoja?"

"Wewe ungedhani?"

Ryohei akalifikiria swali kwa haki kabisa. "Hapana," akakiri. "Lakini sikwenda."

"Hata mimi ningejibu hivyo hivyo."

"Si ndiyo, nimejifunza kwako!"

Wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Sanae akaingia garini bila kuaga, akijua kabisa kwamba ikifika saa sita mji mzima utakuwa na habari kuwa amemwumbua mwanafunzi wake mbele ya wateja.

Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ubukata. Heri asikie kutoka kwake kuliko ajionee. Alimkuta bandani akiutia grisi msumeno wa mashine.

"Mzee, samahani sana. Kuna watu wanavuka shamba lako. Si wangu."

"Umeona nyayo."

"Nimeona."

"Mistari mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja," alirudia mzee, akapuliza vumbi kwenye meno ya msumeno. "Nitaangalia."

"Wageni wangu wanafika Jumamosi."

"Nimesema nitaangalia."

Jikoni mkewe, Bibi Yasuko, alimmiminia chai. Tangu avunjike nyonga majira mawili ya baridi yaliyopita, bibi huyu hakuwa akivuka kizingiti. Kila mara humwuliza Sanae bundi anaendeleaje, kama anayeuliza habari za mjukuu. Siku hiyo hakuuliza. Sanae alipotaja nyayo, bibi aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, chai ikamwagika mezani. Sanae akaona hata mama mwenye nyumba wamekwisha mwudhi, na mti ule siku zake zimehesabiwa.

Alfajiri ya Jumatano aliegesha gari nyuma ya marobota ya majani, akazima injini, akangoja gari la buluu. Alikuwa na kamera mapajani. Safari hii hakuitaka picha ya ndege. Alitaka ya Ryohei, aibandike mbele ya macho ya mzee.

Kulipopambazuka hakuja gari lolote. Ulifunguka mlango wa nyuma wa jikoni, akatoka mtu mmoja mfupi, ameinama, fimbo mkononi. Akautia mguu wa kushoto kwenye unyayo wa kwanza, akatulia. Wa kulia kwenye wa pili, akatulia. Alipofika kwenye tawi kubwa lililoanguka karibu na uzio, alilishika kwa mikono miwili, akaupitisha mguu mmoja, kisha mwingine, polepole kama anayevuka mto. Sanae alikuwa amekwisha toka garini.

"Bibi!"

"Shh! Ndiyo kwanza amefumba jicho."

Walisimama chini ya mwaloni, pumzi zikitoka kama moshi.

"Unakuja kila siku?" Sanae alinong'ona.

"Tangu Desemba. Mzee akiwa anakamua. Amenikataza kushuka hata ngazi moja. Anasema nikivunjika tena atanifunga kamba kama ndama."

"Na hizi nyayo?"

"Si wewe uliyesema pale mezani kwangu, mtu akanyage palipokanyagwa? Nakanyaga za jana. Nisije nikamharibia bundi wako."

"Na majivu?"

Bibi akatazama miguuni. "Nilidhani umeyamwaga wewe." Kisha akamshika Sanae mkono wa koti. "Usimwambie, mwanangu. Ndani mle kila anayenitazama ananiuliza kama nimemeza dawa. Huyu ananitazama kwa jicho moja tu na haniulizi kitu."

Sanae alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa. Akimtaja bibi, bibi atafungiwa ndani. Akinyamaza, msumeno uko tayari. Akaingia bandani bila kubisha hodi, akainama mpaka kiunoni.

"Mzee, nyayo zile ni zangu. Nilikuja kabla ya wiki yangu, mara nyingi. Nimevunja ahadi. Nifukuze mimi, mti uuache."

Mzee Ubukata alimtazama buti.

"Unavaa namba ngapi?"

"Sentimita ishirini na nne na nusu."

"Zile ni ishirini na mbili. Buti zake nazikausha mimi karibu na jiko kila asubuhi, akishazivua na kuzificha zikiwa zimelowa. Anadhani zinakauka zenyewe." Akaisukuma kwa mguu ndoo tupu, chini yake pakabaki duara la majivu. "Msumeno ni wa lile tawi. Umeona anavyolivuka? Na nyonga ile!"

Sanae akauliza, "Kwa nini usimwambie kuwa unajua?"

"Nikimwambia najua, itabidi nimkataze." Mzee akarudi kwenye ng'ombe wake. "Jumamosi lete watu wako, lakini baada ya saa moja na nusu. Mapema pana mwenyewe. Na wewe hujamwona, wala mimi hujaniona."

Mchana Sanae alinunua boksi la vitamutamu vya maharage, la bei ndogo kuliko aibu yake, akaenda ziwani. Ryohei aliwaacha wageni wake na batamaji, akaja kulipokea kwa mikono miwili.

"Nilikosea," Sanae alisema. "Mbele ya wageni wako tena. Naomba radhi."

"Yamekwisha, mwalimu. Basi alikuwa nani?"

"Mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mtu mmoja tu, Ryohei."

"Kila siku? Mpaka mfereji?"

"Kila siku."

"Na akajimwagia majivu mwenyewe."

Hapo Sanae angeweza kusema ndiyo, au hapana, na kila jibu lingemvunjia ahadi mtu mmoja. Akawatazama batamaji. Ryohei alimtazama usoni, kisha macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye buti za mwalimu wake, ambako kwenye mikunjo ya mpira majivu yalikuwa bado yameganda.

"Mtu mmoja," alisema. "Sawa, mwalimu."

Alipokuwa akigeuza gari, Sanae alimwona kwenye kioo. Boksi lilikuwa kwapani halijafunguliwa, na batamaji walikuwa wakiruka nyuma yake bila yeye kugeuka. Alikuwa amechuchumaa juu ya nyayo alizoziacha Sanae kwenye theluji, akizipima kwa kiganja, moja baada ya nyingine.