Kofia ya Bendi na Vigelegele vya Mama

Shangazi yangu ana roho ya kungojea. Mtu mwingine akikukasirikia atakufokea siku hiyo hiyo, mkamalizana. Yeye hutabasamu, hukumiminia chai, na jambo lake huliweka mpaka litakapoiva. Nimeishi naye, namjua. Hata hivyo siku ya kofia alinipita kwenye kona kama mgeni.

Baba alitangulia kuja Marekani na sisi watoto wawili, mimi nikiwa msichana wa sekondari na mdogo wangu wa kiume bado wa kufungwa kamba za viatu. Mama angefuata karatasi zake zikikamilika. Hazikukamilika. Baba akaanguka kazini kwa ugonjwa wa moyo, akafa, na dada yake aliyeishi Greenbelt bila mume wala mtoto akatuchukua. Haki yake simnyimi: alitulisha, alitusomesha, na kila Jumamosi alimpeleka mdogo wangu kwa mwalimu wa tarumbeta akamsubiri kwenye gari mpaka amalize. Lakini pia alimzoesha kuwaambia walimu kwamba yeye ndiye mama. Na mama mwenyewe alipopiga simu kutoka nyumbani, mtoto alikuwa amelala kila mara, hata ikiwa saa kumi za jioni huku.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka nikapata uraia na kumleta mama. Alifika kabla ya baridi, akakaa nami Beltsville. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, kwenye mji mdogo mwendo wa saa moja hivi kutoka kwetu, mji ambao hauna la kujivunia ila chuo, na chuo hakina la kujivunia ila bendi. Alikuja kumwona mama Jumapili moja, akamkumbatia kwa bega moja, akamjibu kila kitu kwa Kiingereza. Mama alimtazama akila kama mtu anayetazama runinga. Alipoondoka, mama aliniambia, "Anatafuna kama baba yenu," akafurahi nalo jioni nzima.

Bendi hiyo hupiga kwenye mechi za mpira za chuo, na ina desturi yake. Mechi ya mwisho ya msimu ikiisha, wanabendi huweka ala chini na kuimba wimbo wa chuo kwa sauti tupu, polepole. Kisha wale wanaomaliza masomo huvua kofia zao ndefu zenye manyoya, hupanda jukwaani kwa watazamaji, na kila mmoja humvika kofia mtu mmoja tu: yule aliyemfikisha hapo. Mji mzima huja kuona nani kamvika nani. Nilimuuliza mdogo wangu atampa nani. "Mum, I guess," akasema. "Everybody gives their mum." Nikamwambia mama. Alinikalisha sebuleni nimsuke nywele zilale kabisa kichwani, ili kofia imkae.

Kosa langu lilikuwa kumwambia pia shangazi. Ijumaa mama akikanda unga wa chapati, shangazi akapiga simu, nami nikaiweka mezani ili wote wawili tusikie.

"Wifi, kesho ni siku yako," alisema, sauti laini. "Wimbo ukiisha tu, usingoje. Wewe ndiye mama. Piga vigelegele kama vya nyumbani, hao wazungu wasikie. Mimi nitakuitikia."

Mama akacheka mpaka akashika meza. Kwetu mlimani, vigelegele vya mama vilikuwa vikiitwa kwenye arusi za watu ambao hata hakuwajua. Nami sikuona ubaya wowote. Kazi yangu ya kutunza wazee hainipi Jumamosi, kwa hiyo sikuwa nimehudhuria mechi hata moja. Shangazi alikuwa hajakosa.

Siku hiyo nilibadilishana zamu na mwenzangu, tukakaa watatu, mama katikati. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio lakini mama alikataa kuvaa kofia ya sufu, eti itamjaza kichwa. Bendi ikaweka ala chini, ikaimba. Hakujua hata neno moja la wimbo ule, ila alitikisa mabega taratibu na midomo ikawa inacheza. Wimbo ukaisha. Uwanja mzima ukanyamaza, maelfu ya watu, hata watoto wachanga utadhani walikuwa wameonywa. Mdogo wangu akavua kofia na kuanza kupanda ngazi kuja upande wetu.

Mama akajaza kifua hewa, akapiga cha kwanza.

Vichwa vyote viligeuka. Mdogo wangu akasimama kwenye ngazi, mguu mmoja juu. Nikamvuta mama koti, akanipiga kofi mkononi. Kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano, na kumkatia njiani ni kumwombea mabaya, basi mama akapiga cha pili, na cha tatu. Kijana mmoja mbele yetu akaangua kicheko. Mzee mmoja akasema "Shhh" kama anayefukuza kuku. Nikamgeukia shangazi aitikie, walau wawe wawili. Alikuwa amekunja mikono mapajani na kuinamisha kichwa kama yuko kwenye sala. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kimya kile kilikuwa sehemu ya desturi, na kwamba alikijua siku zote.

Mama alimaliza vyote vitano. Alimtazama wifi yake, akangoja, kisha akaona sura za watu. Mdogo wangu alikuwa amefika kwenye safu yetu, uso umemwiva. Mama akamwinamishia kichwa kile nilichokisuka. Mdogo wangu akapitisha kofia juu yake na kumvika shangazi.

Shangazi alilia. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Tulipofika kwenye maegesho ya magari nilimuuliza mbele ya wote, "Mbona hukumwambia watu hunyamaza?"

"Kwani aliniuliza?" akasema. Kisha, bila kupandisha sauti, "Baridi hii nimeikalia miaka minne. Yeye alikuwa wapi?"

Mama alikuwa kwenye foleni ya ubalozi, hapo ndipo alipokuwa. Kabla sijalitamka, msichana mmoja wa bendi alikuja na ngoma yake kumkumbatia mdogo wangu, akamtazama mama, akauliza kwa sauti ya chini yule mama aliyepiga kelele ni nani.

"Oh, her?" mdogo wangu akasema. "She's from my auntie's church."

Mama alifundisha Kiingereza darasa la kwanza maisha yake yote. Nilimchukia ndugu yangu papo hapo, chuki safi isiyo na huruma ndani yake, na nikafungua mdomo nimwaibishe mbele ya msichana wake. Mama akanishika kifundo cha mkono, akakibana hadi nikanyamaza. Kisha akamnyooshea mwanawe mkono wa salamu, kama unavyompongeza mtoto wa jirani. "Congratulations, young man," alimwambia. Mdogo wangu akaupokea mkono na kutazama viatu vyake.

Shangazi alikuwa ameiweka sawa kofia kichwani. Alimshika mdogo wangu kiuno, akampa mama simu yake.

"Wifi, hebu tupige picha."

Nilinyoosha mkono niichukue mimi. Mama akanizuia kwa kiwiko. Aliishika simu kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua chache, akawatazama kwenye kioo.

"Sogeleaneni," akasema. "Nawakata mabega."

Wakasogeleana, akawapiga picha.