Wiki Tatu za Mama Kunyamaza

Mama anapiga piano na kuimba bluzi katika hoteli moja ya Nakasero tangu kabla sijazaliwa. Kinanda alijifunzia kanisani huko Kenya, akaja Kampala kwa mkataba wa miezi mitatu, na miezi hiyo mpaka leo haijaisha.

Nikiwa kidato cha pili, sauti yake ilianza kukwaruza. Daktari akamchungulia kooni, akakuta vinundu.

"Mama, wiki tatu usitoe hata neno," akasema. "Kunong'ona pia hapana. Ukikaidi, kuimba basi."

Mimi nikaona nyumbani tumepata uhuru.

"Mama, naenda kulala kwa rafiki yangu, kule Ggaba. Ukinyamaza umekubali."

Akachukua mwiko. Tukaelewana bila maneno.

Siku ya tisa mchungaji alikuja kumwombea. Aliomba kwa kelele mpaka sauti yake mwenyewe ikakauka, akaaga kwa kupunga mkono. Alipofunga tu mlango nikasema, "Banange! Na huyu sasa nani atamwombea?"

Mama akaangua kicheko. Kilitoka kama geti lenye kutu. Akajishika koo, akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa. Nilikaa siku mbili bila mzaha, shuleni wakadhani nina malaria.

Wiki tatu zilipokwisha nilimsindikiza kazini, saa za chakula cha mchana. Akaanza na wimbo anaofungulia siku zote. Alipofika pale pa kupanda, sauti ikakatika. Mzee mmoja akageuka, uma umesimama njiani kwenda mdomoni. Mama hakuacha kupiga. Vidole viliendelea kuzungukazunguka kama vile ndivyo alivyopanga, huku akiushusha wimbo wote, kidogo, tena kidogo, mpaka akapata mahali sauti inapokaa. Akaimba upya kutoka mwanzo, kwa sauti nzito, yenye mikwaruzo. Mzee akarudisha uma kwenye sahani, akasikiliza.

Wakati wa mapumziko nikamwendea.

"Mama, unaimba kama mjomba."

"Mjomba wako? Yule hata wimbo wa taifa unamshinda." Akanywa maji polepole. "Itabidi tushushe nyimbo zote. Mimi napiga, wewe unaandika."

"Zote? Lile daftari lako zima la nyimbo?"

"Shule mnafunga lini?"