Kuni za Omumenya

Roselida Nafula alikuwa mwepesi wa hasira tangu utotoni. Alikulia Sio Port, akifukuza kunguru na wavulana kutoka kwenye omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, kwa fimbo ileile. Aliolewa Busibwabo, mume akafa mapema, naye akaanza kubeba omena na mihogo iliyochemshwa hadi mpakani Busia, kuwauzia madereva wa malori na mataniboi wao waliongoja forodha ifunguliwe. Walimtukana, akawatukana kwa Kisamia, kwa Kiswahili na kwa Kiganda, kisha wakanunua.

"Wale ni watu," alizoea kusema. "Ukiwapikia, wanakula."

Mwaka wa 1964 watu wa chuo kikuu walikuja kutafuta mahali pa kujaribia mbegu za muhogo na pamba. Walisema kituo chao kitaleta kazi, mbegu bora na soko. Barazani alisimama Mzee Bwire, baba mkwe wa Roselida, akawapa ardhi ya ukoo, na ndani yake sehemu nzuri ya shamba alilolima Roselida. Hakudai karatasi. Aliwapa kama anavyopewa omumenya, mgeni anayekaribishwa kulima ardhi ya ukoo usio wake. Utaratibu wake kila mtoto wa Busibwabo aliujua: wenyeji humpa omumenya kuni mpaka avune. Akivuna, huleta mavuno ya kwanza kwa aliyempa ardhi, wanakula pamoja, na tangu hapo ni jirani wa kuuziana naye.

Hakuna aliyewaeleza wasomi hayo. Nani angedhani mtu mwenye digrii hajui jambo la mtoto?

Basi wanawake wakabeba kuni. Roselida aliacha safari za Busia. Kituo kilikuwa na wanafunzi na vibarua wa kulishwa, akaona soko limemfuata mlangoni. Kipande cha shamba kilichombakia akakijaza mihogo, njugu na mboga.

Kituo kikavuna. Hakuna aliyekanyaga kwa Mzee Bwire. Kikavuna tena, na kuni bado zinakwenda. Chakula kilikuja kwa lori kutoka Kisumu: unga, kabichi, hata vitunguu. Lori lilipita mbele ya shamba la Roselida likimwagia vumbi mboga alizozipanda kwa ajili ya jiko lile. Mihogo yake ilikaa ardhini mpaka ikawa kamba tupu, kisha ikaoza.

Alimwendea Egwang, Mteso wa Malaba aliyesimamia jiko.

"Mama, tenda ya chakula ilishatolewa. Ni ya mtu wa Kisumu."

"Na tenda ya kuni alipewa nani?"

"Hizo si mnaleta tu wenyewe?"

"Egwang! Wewe umezaliwa hapo Malaba. Usijifanye umeshuka na ndege."

Egwang alikoroga sufuria iliyokuwa haihitaji kukorogwa. "Mimi niliandikwa kupikisha, mama. Sikuandikwa kufundisha maprofesa mila."

"Uliandikwa kula!" alisema Roselida, akatoka.

Kisha ikaja siku ya wageni. Viti vilipangwa, wali na nyama vikawekwa motoni, na profesa mwenye kituo akasimama kueleza faida ambazo chuo kimeleta. Karani alitafsiri. Profesa alitaja mbegu, akataja vibarua, halafu akasema kwa furaha: "Na akina mama wa hapa hujitolea kuleta kuni bure, kwa sababu wanapenda elimu."

Roselida alikuwa ameshasimama.

"Nani anajitolea? Mwambie, karani, na usipunguze neno! Tumewalisha moto kama omumenya. Mmevuna, mkavuna tena, na huyu mzee aliyewapa ardhi hamjamletea hata muhogo mmoja. Kabichi mnatoa Kisumu! Kabichi! Shamba langu mmelilima, langu lililobaki mmeliacha lioze, halafu mnatushukuru kwa kujitolea?"

"Roselida," alisema Mzee Bwire kwa sauti ya chini, "unaniaibisha mbele ya wageni."

"Baba, aibu ilikuwa hapa kabla yangu."

Alikwenda jikoni. Leonida, jirani yake, akamfuata, kisha wanawake wote. Walichomoa kuni chini ya masufuria, zinazowaka wakazizima kwa mchanga, wakajitwisha zilizosalia.

"Mama, wali haujaiva!" alilia Egwang.

"Upelekeni Kisumu ukaive!" Leonida alimjibu.

Wageni wakubwa walikwenda Busia kula mandazi.

Jioni hiyo profesa alimwita Egwang akamuuliza, kwa mara ya kwanza, omumenya ni nani. Egwang alieleza yote, hata yale aliyokuwa akinyamazia. Wiki hiyo profesa alikuja kwa miguu hadi kwa Mzee Bwire, vibarua nyuma yake na magunia ya muhogo wa kituo. Alikalishwa, akala ugali mweusi wa muhogo na mtama, akaungua vidole, akaomba radhi. Alisema jiko litanunua mihogo, njugu na mboga kwa wanawake wa Busibwabo, na kuni pia. Mzee Bwire alifurahi mpaka akasahau alikuwa na kinyongo.

Roselida hakusahau. "Na mihogo yangu iliyooza?" aliuliza. Karani alitafsiri. Profesa alimega tonge jingine la ugali.

Roselida alianza upya kupanda. Mboga zilipokomaa alizibeba kituoni, akapita langoni bila kumsalimu mlinzi, akatua kapu mbele ya mizani. Egwang alikuja akitabasamu, mikono yake imejaa unga.

"Karibu, mama. Haya, si sasa umefurahi? Chuo kimekuletea soko mpaka nyumbani."

"Chuo hakijaleta kitu. Tumekinyang'anya," alisema Roselida. "Pima."